Jengo refu la mji mdogo lipimwe kwa ghorofa yake ya chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu majengo marefu yanayoinuka sasa katikati ya miji yetu ya mikoani, na kuhusu majengo ya zamani yanayovunjwa ili kuyapisha. Nilifanya kazi ya ufundi wa lifti hapa Dar es Salaam kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kazi hiyo ilinifanya niyajue maghorofa kwa namna ambayo wapangaji wake hawayajui: nimeteremka kwenye mashimo ya lifti yaliyojaa maji ya chumvi, nimepanda hadi vyumba vya mashine vilivyo juu ya paa, na nimesimama nje ya milango iliyogoma nikizungumza na watu walionaswa kati ya ghorofa mbili, ili wasitaharuki hadi breki ifunguliwe. Sina chuki na jengo refu, kwa maana jengo refu ndilo lililonisomeshea watoto. Naandika kwa sababu nalipenda, na kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Tanga, nilikozaliwa, nikaona jambo ambalo tangu siku hiyo halijanitoka akilini.

Katikati ya mji ule kuna jengo la ghorofa mbili la enzi za ukoloni, lenye baraza pana linalofunika njia ya waendao kwa miguu. Nilisimama hapo saa saba mchana, jua likiwa kali. Chini ya baraza alikuwapo fundi cherehani na mashine yake, muuza magazeti, mzee wa kahawa aliyekwisha kuzima jiko lake, na wanafunzi watatu waliokuwa wakisubiri daladala kivulini. Hakuna aliyekuwa mpangaji wa jengo lile, lakini wote lilikuwa likiwahudumia. Nikainua macho. Kwenye ukingo wa paa ulikuwa umeota mche wa mkuyu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na mzizi wake ulikuwa umejipenyeza katika ufa na kuupanua hadi kidole kingeweza kuingia. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba kwa majani, kwa hiyo maji ya mvua yalikuwa yameacha bomba na kuteremka ukutani. Chokaa ilikuwa imevimba na kubanduka, na mawe ya matumbawe yakawa wazi kama mbavu. Kijana mmoja aliyeniona nikitazama akaniambia kwamba jengo lile limechoka, na kwamba yasemwa litavunjwa ili pajengwe ghorofa 10 za vioo. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakisema kwa mafumbo. Jengo lile halijachoka. Limenyimwa mtu wa kupanda ngazi na kuzibua mfereji.

Maneno ya kijana yule yalinirudisha kwenye safari moja ya kazi. Nilitumwa katika mji mmoja wa mkoani, ambao sitautaja kwa kuwa mwenye jengo lile hakuwa peke yake katika kosa la namna ile, nikakague lifti mbili za jengo la ghorofa 12. Jengo lilikuwa na umri wa miaka 14 tu. Lifti moja ilikuwa imegeuzwa ghala la vipuri: bodi yake ya umeme, roli za milango, hata vitufe vya namba, vilikuwa vimeng'olewa kimoja baada ya kingine ili kuiponya ya pili. Kibanda chake kilikuwa kimelala ghorofa ya chini, mlango umefungwa kwa mnyororo, na mlinzi ameweka ndani kiti chake na ndoo ya maji. Lifti ya pili ilikuwa ikifika ghorofa ya saba na kukataa kuendelea. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa mhasibu katika ghorofa ya tisa aliniambia kwamba akishapanda asubuhi hashuki tena hadi jioni, hata kwa chakula cha mchana. Ghorofa tatu za juu hazikuwa na mpangaji hata mmoja. Njiwa walikuwa wameingia kupitia dirisha lililovunjika, na vigae vya sakafuni vilikuwa vimefunikwa na kinyesi chao. Fedha za kulijenga jengo lile zilipatikana, na za kulizindua zilipatikana. Za kulitunza hazikuwahi kuandikwa katika hesabu yoyote. Nilirudi Dar es Salaam na orodha ya vipuri ambavyo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuacha kuvitengeneza.

Hoja yangu, Ndugu Mhariri, ni kwamba jengo refu katika mji mdogo lisihukumiwe kwa idadi ya ghorofa zake wala kwa picha yake siku ya uzinduzi. Lihukumiwe kwa mambo mawili: linampa nini mtu anayepita chini yake, na litakuwa na hali gani likiwa na umri wa miaka 30. Mambo hayo yana uzito katika jiji kubwa pia, lakini katika mji mdogo yana uzito zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 5,300,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ilhali Jiji la Tanga lilikuwa na watu wasiofika 400,000. Hapa kwetu jengo moja likifa, majirani zake warefu hulificha, na wapangaji huvuka barabara tu wakapata jingine. Tanga, Mbeya, Songea au Musoma, jengo refu husimama peke yake na kuonekana na kila mtu, kuanzia mvuvi aliye majini hadi mkulima anayeteremka mlimani na mazao yake. Likiwa zuri, mji mzima hujivuna nalo, na likifa mji mzima hutembea mbele ya maiti yake kila siku.

Yafaa kukumbuka kwamba urefu huu ni jambo la juzi. Kwa maelfu ya miaka binadamu alijenga nyumba za kuishi kwa kadiri ya miguu yake ilivyoweza kupanda. Katika miaka ya 1850 Mmarekani Elisha Otis alionyesha lifti yenye kishikio cha kuizuia isianguke kamba inapokatika, na mwaka 1885 likakamilika mjini Chicago jengo la Home Insurance, lenye ghorofa 10 na kiunzi cha chuma, ambalo wengi hulitaja kuwa mama wa majengo marefu ya kisasa. Kishikio cha namna ile, kikiwa kimeboreshwa, bado kimo katika kila lifti niliyowahi kuihudumia. Lakini hata mama yule hakuheshimiwa: lilivunjwa mwaka 1931, likiwa halijatimiza miaka 50, ili kupisha jengo refu zaidi.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba ghorofa ni jambo la kigeni kwetu watu wa pwani. Neno lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na wazee wetu walilitumia kabla umeme haujafika katika nchi hii. Majirani zangu wenye asili ya Hadhramaut husimulia habari za Shibam, mji mdogo kabisa wa Yemen ambao nyumba zake za matofali ya udongo, nyingi zikiwa na mizizi katika karne ya 16, zinapanda hadi ghorofa saba na nane bila lifti wala nondo. Kuta zake ni nene chini na hupungua kadiri zinavyopanda, na kila baada ya muda husiribwa upya ili mvua isizile. UNESCO iliuweka mji ule katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Watu wa Shibam hawakuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo ya kusiriba: jengo refu la udongo limesimama kwa mamia ya miaka kwa sababu kila kizazi kilikubali kwamba kulitunza ni sehemu ya kulimiliki.

Karibu zaidi na sisi ipo Unguja. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ilikuwa jengo refu kuliko yote mjini, yenye nguzo za chuma na mabaraza mapana pande zote, na hutajwa kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme na lifti. Mimi kama fundi nilikuwa nikiiwazia kama bibi wa kazi yangu. Ilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini tarehe 25 Desemba 2020, wakati ikiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hatua chache kutoka hapo, ufukweni, liko jengo la Dispensari ya Zamani, lililokamilika mwaka 1894 kwa fedha za familia ya Tharia Topan, likiwa na roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi ambao leo ni shida kuupata. Hilo lilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na mfuko wa Aga Khan unaoshughulikia utamaduni, na bado linasimama. Nimeyatazama majengo haya mawili kwa siku moja, moja likiwa limezungushiwa jukwaa la mafundi, jingine likiwa na watu wakiingia na kutoka, na sikuona tofauti kubwa ya umri kati yake. Niliyoiona ni tofauti ya lini mtu alianza kulihangaikia.

Niruhusu pia nitoe mifano ya mbali, kwa sababu katika miaka yangu ya kazi nilikuwa na mazoea ya kukusanya habari za majengo marefu ya miji midogo, nikiyapenda kuliko yale ya New York. Jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, lina mji uitwao Bartlesville wenye watu wasiofika 40,000, ambao ni wachache kuliko wakazi wa baadhi ya kata zetu za Dar es Salaam. Mwaka 1956 kampuni ya mabomba ya mafuta ya H. C. Price ilijenga pale jengo la ghorofa 19 lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright, ambaye alilifananisha na mti uliokimbia msongamano wa msitu. Ni kweli lilifanana na mti: sakafu zake zinaning'inia kutoka katika shina la zege lililo katikati, na nje limepambwa kwa mabamba ya shaba. Lakini lifti zake zilikuwa ndogo mno, za watu watatu au wanne, na ngazi zake za dharura zilimtia wasiwasi mmiliki aliyefuata, kampuni kubwa ya mafuta, hata akalitumia zaidi kama ghala. Baadaye likawa makumbusho na hoteli ndogo, na mwaka 2024 likafungwa katika mgogoro wa madeni. Jengo linalosifiwa na wasanifu wa dunia nzima limehangaika kwa zaidi ya miaka 40 kutafuta mtu wa kulijaza. Hakuna aliyepungukiwa na kipaji katika habari hii. Mji ule ulikuwa na kampuni chache, na ilipoondoka moja, shina lile likabaki bila ndege.

Mfano wa pili unanipa moyo. Mji wa Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, uliishi kwa tumbaku kama Tanga ilivyoishi kwa mkonge. Mwaka 1929 kampuni ya sigara ya R. J. Reynolds ilimaliza jengo lake la ofisi la ghorofa zaidi ya 20, na wasanifu wake ndio waliokuja kusanifu jengo la Empire State la New York. Biashara ya sigara iliponywea na ofisi zikahamishwa, jengo lile lilisimama tupu. Halikuvunjwa. Liligawanywa, ghorofa za chini zikawa hoteli na mgahawa na za juu zikawa nyumba za kupangisha, na tangu mwaka 2016 taa zake zinawaka usiku. Walihifadhi hata marumaru na milango ya lifti ya ukumbi wa kuingilia. Fundi yeyote wa lifti atakwambia kwamba mashine inabadilishwa kila baada ya miaka 20 au 25, lakini mlango uliochongwa kwa mkono hauwi na mwenzake tena.

Wako pia waliotafuta njia ya kuongeza urefu bila kulivunja la zamani. Jiji la Tulsa, katika jimbo lilelile la Oklahoma, ambalo idadi ya wakazi wake haipishani sana na ya Tanga, lilikuwa na jengo la mwaka 1918 lenye ghorofa 16. Lilipohitaji nafasi zaidi katika miaka ya 1980, wahandisi walisimamisha nguzo mpya pembeni yake na kujenga ghorofa 20 nyingine zinazoning'inia juu ya lile la zamani bila kulitwisha mzigo. Mtu asiyeambiwa hudhani yote yalijengwa siku moja. Sisemi kwamba Mwanza au Mbeya wafanye hivyo kesho, kwa kuwa ni kazi ya gharama kubwa. Nasema tu kwamba anayetuambia hakuna njia nyingine isipokuwa kuvunja, hajatafuta.

Na sisi wenyewe tuna mfano wa jengo kubwa lililopoteza kazi yake ya kwanza likapata nyingine. Majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, yenye mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Arusha ya siku zile ilikuwa mji mdogo, na ingekuwa rahisi majengo yale yakaachwa kuwa makazi ya popo. Badala yake yakafunguliwa kama kituo cha mikutano mwaka 1978, na kuanzia 1995 hadi 2015 ndimo ilimofanyia kazi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hatua chache kutoka hapo liko Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Mtu anaweza kutembea kutoka moja hadi jingine kwa dakika chache, na nadhani ndiyo maana katikati ya Arusha kunaeleweka: mgeni anaona umri wa mji kwa macho yake.

Sasa niseme kuhusu Dar es Salaam, kwa sababu miji ya mikoani inatuiga sisi, na inatuiga yale tuliyokosea. Tuna minara inayozidi mita 150 karibu na bandari, na sioni aibu kusema kwamba nikiitazama kutoka Kigamboni jioni, kioo chake kikishika rangi ya jua linalozama, moyo wangu hufurahi. Chini yake, kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, yote ya mwanzoni mwa karne iliyopita, bado yanasimama, na Boma la Kale lililojengwa katika siku za Sultani Majid lina kituo cha urithi wa majengo ambacho wanafunzi wangepaswa kupelekwa kila muhula. Hayo tumeyahifadhi. Lakini teremka Barabara ya Samora, uangalie tuliyoyaondoa. Pale palipokuwa na jengo la Salamander, ambalo kizazi changu kilikutana chini ya baraza lake, leo kuna mnara wenye jina hilohilo. Jina limebaki. Kivuli kile hakikubaki. Katika mitaa mingi ya mjini kati, jengo jipya linakutana na barabara kwa ukuta wa kioo, lango la maegesho ya chini, jenereta lenye moshi na mlinzi anayekuuliza unaelekea ofisi gani. Mpita njia anatembea juani kwa urefu wote wa jengo. Hakuna duka, hakuna kibao cha kukaa, hakuna mahali pa kujisitiri mvua inaponyesha. Jengo lenye watu mamia juu limeua barabara iliyo chini yake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu baraza ndilo lililotufundisha namna ya kuishi mjini. Waliojenga miji yetu, wawe Waarabu, Wahindi, Wajerumani au mafundi wa Kiswahili waliochoma chokaa na kuleta boriti za mikoko kutoka Rufiji, walikubaliana katika jambo hilo moja, kwamba jengo la mjini linadaiwa kivuli na mtu asiyelimiliki. Wapo vijana wanaosema kwamba kuhifadhi majengo haya ni kumhifadhi mkoloni. Nawaelewa, na hoja yao haistahili kudharauliwa. Lakini mkoloni hakubeba jiwe hata moja. Aliyepanda kwenye jukwaa, aliyekanda chokaa, aliyechonga mlango, alikuwa babu yetu, mara nyingi kwa ujira mdogo, na wakati mwingine bila hiari yake. Tukilivunja jengo lile, tunafuta ushahidi wa kazi yake, si wa utawala wa yule aliyemwamrisha.

Sheria nayo haitusaidii vya kutosha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi hadi Waziri alitangaze kwa jina. Tafakari maana yake kwa miji yetu. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa katikati ya miaka ya 1860, baada ya mstari huo. Majengo ya zamani ya katikati ya Tanga, Mwanza, Lindi, Moshi na Dodoma ni ya enzi za Wajerumani, Waingereza na miaka ya kwanza ya uhuru. Yote yako upande wa pili wa mstari. Kwa hiyo mji mzima unaweza kuvunjwa jengo moja baada ya jingine bila sheria kuguswa, na mwenye kiwanja akawa hajakosa kitu mbele ya mahakama. Nawaomba waheshimiwa wabunge wa miji hii wauangalie upya mwaka ule wa 1863. Jengo likitimiza miaka 60 au 70, kibali cha kulivunja kisitolewe kabla ya kukaguliwa na mtaalamu wa mambo ya kale na kabla wananchi wa mji ule hawajasikilizwa.

Kuna suala la usalama ambalo siwezi kulipita. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo asubuhi, maduka yakiwa wazi, na tukazika tena. Majengo yale hayakuanguka kwa sababu ya uzee. Hilo naliweka mbele ya kila anayeamini kwamba jengo la zamani ni hatari na jipya ni salama. Na kama jiji lenye wahandisi wengi kuliko yote nchini linaweza kushindwa kusimamia zege na nondo, basi halmashauri yenye mhandisi mmoja au wawili inapaswa kwenda pole pole sana kabla ya kusaini kibali cha ghorofa ya 10. Ijiulize kwanza ngazi ya gari lake la zimamoto inafika ghorofa ya ngapi. Ijiulize pampu itakayopandisha maji hadi tangi la paa itaendeshwa na nini umeme ukikatika siku mbili. Mimi niliwahi kusafiri kwa basi zaidi ya kilomita 350 nikiwa nimepakata bodi ya lifti kama mtoto, kwa sababu mji mzima haukuwa na fundi wala kipuri, na jengo lilikuwa na wagonjwa juu.

Ninachokiomba kwa halmashauri si kuzuia maghorofa. Mji unaokua unahitaji ofisi, hoteli na nyumba, na kujenga kwenda juu katikati ya mji ni bora kuliko kula mashamba ya pembezoni. Naomba kibali cha jengo refu kiende pamoja na mpango wa matengenezo, ambamo mwenye jengo anaweka akiba ya lifti, pampu na paa kila mwaka katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine, na halmashauri inakagua akaunti hiyo kama inavyokagua kodi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 imekwisha kutoa njia ya wamiliki kuunda chama chao na kuchangia gharama za sehemu za pamoja. Kinachohitajika ni kuitumia. Naomba pia ghorofa ya chini iwe wazi kwa barabara, iwe na maduka na baraza la upana usiopungua mita mbili na nusu, ili anayepita kwa miguu aende kutoka kona hadi kona bila kuchomwa na jua. Na penye jengo la zamani lililo imara, jipya lirudi nyuma ya kiwanja, libakize uso wa mbele na kuta za lile la zamani, lipande kutokea huko. Kwa mji wa kiasi cha Tanga, ghorofa nne, tano au sita zilizopangwa vizuri zitakidhi haja kwa miaka mingi, na tatu za kwanza zitapandika kwa ngazi siku lifti itakapogoma, kwa maana siku hiyo itafika.

Kuhusu vioo nitasema kwa ufupi. Ukuta wa kioo unaoelekea magharibi katika mji wa pwani ni jiko. Unahitaji kiyoyozi, na bili yake ya umeme ndiyo humfukuza mpangaji kabla hata lifti haijaharibika. Majengo ya zamani yenye dari ndefu, kuta nene na madirisha yanayotazamana yanapitisha upepo wa kusi na wa kaskazi bila malipo. Wasanifu wetu vijana, ambao baadhi yao nimefanya nao kazi na nawaheshimu, wanajua hesabu hii. Waachwe waitumie.

Narudi kwenye jengo la Tanga, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipanda. Mlinzi aliniruhusu baada ya kumweleza mimi ni nani na nimezaliwa mtaa gani. Ngazi ni za mbao ngumu, zimelika katikati kwa nyayo za watu lakini hazitikisiki. Boriti za dari nilizigonga kwa kifundo cha kidole moja baada ya nyingine kama nilivyozoea, na zilinijibu kwa sauti kavu. Ni mbili tu, zile zilizo chini ya mfereji ulioziba, zilizotoa sauti ya kitu kilichooza. Kuta za ndani hazina ufa. Kwa makadirio ya fundi aliyekwisha kuona majengo mengi, kulitengeneza paa lile, kubadilisha boriti mbili, kung'oa mkuyu pamoja na mzizi wake na kupaka chokaa upya ni kazi ya miezi mitatu kwa mafundi wanane.

Mvua za masika huanza Machi. Mwenye jengo nimemwandikia barua kwa mkono na sijapata jibu, na halmashauri nimeiandikia pia. Kama mmoja wao ataisoma hii gazetini, niko tayari kwenda Tanga kwa nauli yangu na ngazi ya kukopa, nikazibue mfereji ule mwenyewe kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa lifti mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam